Maji Kinywani mwa Bi Kalunde

Anayerudi kutoka mbali huaminiwa nusu. Nusu nyingine huachiwa mwenyewe alale nayo. Tumpe Mwalwisi, mwalimu wa michezo na Jiografia katika shule moja ya sekondari huko Rungwe, alilijua hilo tangu siku aliyorejea kutoka nchi ya Usawani. Mumewe, mtu mpole asiyependa ubishi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama huko alikula vizuri. Wenzake ofisini walicheka hadi chai ikapoa. Basi haya ndiyo aliyoyaona, bila chumvi. Chumvi waliitia wenyeji wenyewe.

Njia aliyopita haina la kusimulia. Alifika wiki ya pili ya likizo ndefu, akiwa na begi moja, kanga mbili, na filimbi ya chuma shingoni. Filimbi hiyo alipewa na Mwalimu Atuganile, mama aliyemfundisha mpira wa pete tangu alipokuwa msichana wa miguu mirefu asiyejua aiweke wapi. Alikabidhiwa akiwa na miaka kumi na minane, na pamoja na filimbi alirithi adhabu ya mama yule: anayechelewa mazoezi huzunguka uwanja mara mbili, hata mvua inyeshe. Tumpe mwenyewe alikuwa ameuzunguka mara nyingi kuliko wenzake wote. Mwalimu Atuganile bado alikuwa hai, vilima viwili tu kutoka kwa Tumpe, na kila Krismasi Tumpe alisema safari hii lazima aende kumsalimia. Kila Krismasi kukawa na mvua, au mitihani ya kusahihisha, au wageni.

Mwenyeji wake Usawani alikuwa Bi Kalunde, mwalimu wa mpira wa pete katika shule ya wasichana ya Mwangaza, mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, mwenye mashavu yaliyolegea kwa namna ambayo Tumpe hakuielewa mpaka kesho yake. Alimpokea kwa wali na samaki na kumwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tumpe alicheka. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa akisema kweli.

Asubuhi wakaenda pamoja kwenye Ukumbi Wazi.

Kila shule ya Usawani ina ukumbi wa michezo, na miezi miwili ya likizo kila ukumbi sharti uwe wazi kwa watu wote. Sheria hiyo ilipopitishwa, wanasheria waligundua kwamba mlango unaoweza kufungwa si mlango wazi, hivyo milango yote iling'olewa. Kuku waliingia na kutoka. Mzee mmoja alikuwa amemfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya goli, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, maana naye ni watu wote. Muuza maandazi wa mtaa huo, bwana mmoja mnene mwenye moyo mweupe aitwaye Mzee Shomvi, alicheza katikati ya uwanja kila siku na aproni yake, kwa kuwa alisema mazoezi ni afya.

Pembeni ya pengo lililokuwa mlango alikaa Bwana Ibara, Mwangalizi wa Likizo, mbele ya meza yenye madaftari mawili. La kwanza lilikuwa Daftari la Hiari, ambamo kila msichana alitia sahihi kwamba amekuja kwa kupenda kwake. La pili lilikuwa la wale ambao hawakuja, nao waliletwa na wazazi wao kila Jumatatu kutia sahihi kwamba wamekaa nyumbani kwa kupenda kwao. Tumpe aliuliza kama wasiokuja huchaguliwa kwenye timu muhula ukifunguliwa.

"Kuja ni hiari," akasema Bwana Ibara bila kuinua macho. "Na kuchagua ni hiari ya mwalimu. Hiari mbili hizi hazijawahi kugombana hapa kwetu. Wewe ni mwalimu?"

"Ni mwalimu," akajibu Tumpe kwa fahari kidogo, akaigusa filimbi yake.

Bwana Ibara akachota maji kwenye ndoo kwa kikombe kidogo cha bati, akampa. "Weka kinywani. Usimeze."

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa likizo mwalimu anaruhusiwa kuwepo ukumbini kwa ajili ya usalama, ila haruhusiwi kufundisha. Mwanzoni walikatazwa maneno tu. Walimu wakaanza kukohoa: kikohozi kimoja pasi kushoto, viwili pasi kulia, na mwaka mmoja shule ya Mlimani ilichukua kombe kwa mafua. Ndipo Baraza la Usawani likatunga sheria ya maji. Kikombe kinachoingia ndicho kinachotoka. Mwalimu akiondoka hutema maji kwenye kikombe kilekile, na yakipungua huandikwa kwamba kinywa kilikuwa na nafasi. Mikono nayo hukaliwa, kwa kuwa mikono hufundisha. Kuhusu nyusi, Baraza lilijadili siku tatu na kuahirisha.

Hivyo Tumpe Mwalwisi, mwenye shahada na mume na heshima zake, alikaa kwenye benchi juu ya mikono yake, mashavu yamevimba, ubavuni mwa Bi Kalunde aliyevimba vilevile. Sasa akaelewa yale mashavu. Siku hiyo ya kwanza alipiga chafya akameza nusu kikombe, akaandikiwa onyo. Onyo hilo, aliambiwa, likirudiwa huangukia mwenyeji, kwa kuwa mgeni anapovunja sheria ni mwenyeji anayepokonywa filimbi, tena moja kwa moja, asifundishe tena maisha yake yote.

Wasichana walicheza. Kuhesabu magoli kulikatazwa, kwani penye hesabu pana mashindano, na penye mashindano pana mafunzo. Lakini bibi mmoja aliyekaa jukwaani na mfuko wa maharage alitoa punje moja mfukoni kila mpira ulipopita kwenye pete, na mchezo ulipokwisha ukumbi mzima ulipita kwake kumuuliza hali ya maharage.

Katikati ya haya Tumpe alimwona Sikitu.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, aliyehamia Mwangaza siku ya mwisho ya muhula, kwa hiyo hakuwahi kufundishwa na Bi Kalunde hata dakika moja. Aliruka juu kuliko wote. Alipokuwa hewani Tumpe alisahau maji, akasahau kuku na mbuzi, akawa anatazama tu kwa furaha. Kisha Sikitu akatua. Alitua miguu imenyooka kama mchi, na magoti yakaingia ndani yakagongana. Tumpe alishtuka mwili mzima. Kila mwalimu wa mchezo ule anajua goti linalotua hivyo litafika wapi; ni suala la siku tu. Akamgeukia Bi Kalunde. Bi Kalunde alikuwa akimtazama yeye. Wanawake wawili wenye mashavu yaliyovimba wakatazamana, na machozi yakawa yanawatoka, kwani maji yalikuwa yamezuiwa njia nyingine zote.

Nyumbani, walipokuwa wakichambua mchicha, Tumpe alisema yaliyokuwa yamemkaa siku nzima.

"Dada Kalunde, yule mtoto atavunjika."

"Najua, mdogo wangu."

"Maneno mawili tu yanatosha. Kunja magoti. Mtoto yule ana akili, atashika mara moja."

"Likizo imebaki wiki sita."

"Goti halitasubiri wiki sita!"

"Hilo nalo najua." Bi Kalunde alitupa jani lililooza. "Nikimtuma mtu amwambie, hiyo inaitwa kufundisha kwa mkono wa jirani, na adhabu yake ni mara mbili. Usinitazame hivyo. Usiichukie sheria hii kabla hujamjua mama yake."

Akamweleza. Zamani hapakuwa na sheria yoyote. Shule zenye nafasi ziliweka kambi likizo nzima, wasichana wakaamka alfajiri na kuruka mpaka jioni, na ilisemwa kwamba ni hiari. Wale wa shule nyingine walirudi muhula mpya wakakuta mchezo umekwisha kabla haujaanza. Na wale wa kambini walirudi wamechoka, wengine wamevunjika. Bwana Ibara alikuwa na binti mmoja tu, mrukaji hodari. Kambini aliruka mara mia tatu kwa siku kwa wiki sita. Sasa alikuwa mwanamke mzima, anatembea kwa fimbo.

"Yeye ndiye aliyeandika kifungu cha kwanza cha sheria," akasema Bi Kalunde. "Kilisema hivi: mtoto apumzike. Maneno mawili, naye alikuwa na haki. Mimi nilikuwa wa kwanza kumshangilia. Hayo mengine yote walikuja kuyaongeza watu ambao watoto wao hawakuwahi kuruka hata kamba."

Tumpe alikuwa amejiandaa kuicheka nchi nzima, na sasa ilimbidi aicheke kwa adabu.

Siku nne zilipita hivyo, wakikaa juu ya mikono yao na kutazama kila kutua. Siku ya Ijumaa mpira ulirushwa juu sana, karibu na pete, na Sikitu akaufuata. Wakati huohuo Mzee Shomvi naye aliuona mpira huo, akaja na aproni yake kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo. Sikitu alikuwa hewani, miguu imenyooka, na mzee yule akawa anafika chini yake.

Maji yaliruka kutoka kinywani mwa Bi Kalunde yakafika mpaka kwenye Daftari la Hiari.

"Sikitu, kunja magoti!"

Msichana akakunja. Alitua chini, chini kabisa, magoti yamefunguka juu ya vidole, Mzee Shomvi akampiga kikumbo, wakaanguka wote wawili na kuserereka hadi kwa mbuzi. Kisha Sikitu akasimama. Akainua mguu mmoja, akainua mwingine, akaiangalia kama vitu alivyovipata sasa hivi. Ilikuwa mizima. Wino wa Daftari la Hiari ulikuwa ukitiririka mezani. Bwana Ibara akachukua kalamu nyingine, akauliza saa.

Kesi ilipangwa Jumatatu. Bi Kalunde aliivua filimbi yake mwenyewe na kuitundika msumarini kando ya mlango, ili, alisema, shingo ianze kuzoea. Alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Tumpe alimfuata huku na huku.

Majirani waliokuja walikuja na habari njema. Sheria ilikuwa na tundu. Katika Usawani somo halihesabiwi kuwa somo mpaka lipokelewe, na ushahidi wa kupokea ni shukrani ya kinywa. Neno ambalo hakuna aliyelishukuru huitwa neno lililoanguka, na neno lililoanguka halina kosa. Ndiyo maana miezi ile miwili hakuna mtu Usawani aliyemwambia mwalimu asante, hata kwa kupishwa njiani, na ndiyo maana watoto wengi, wakishazoea, hawakumwambia hata muhula ukifunguliwa. Kwa hiyo Sikitu hakutakiwa kufanya lolote. Akiulizwa kama alipokea kitu, aseme hapana, basi.

Jumapili alasiri Sikitu alikuja hadi dirishani. Bi Kalunde alipomwona alifunga dirisha upesi, kwa kuwa mshtakiwa haruhusiwi kuonana na shahidi, kisha akabaki amesimama nyuma ya ubao wa dirisha, kiganja chake juu yake. Tumpe akatoka nje.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Miguu?"

"Mizima." Msichana alikuwa amelia. "Mama ananiambia niseme sikupokea. Mtaa mzima unaniambia. Lakini nilipokea, shangazi. Nilipokuwa juu sikuwa na wazo lolote, neno likaja, miguu ikalishika. Tangu juzi natua hivyo hata nikiruka mfereji. Sasa nisimame mbele za watu niseme sikupewa kitu?"

"Ukisema ulipewa, atapokonywa filimbi."

"Najua. Ndiyo maana nalia." Akajifuta kwa kiganja. "Kwenu mtu akikuokoa mguu, mnafanyaje?"

Tumpe alikuwa ameahidi kutofundisha. Akajibu kama mtu anayetoa taarifa tu.

"Kwetu tunasema asante. Na wasichana tukimshukuru mkubwa, tunakunja magoti mbele yake."

"Magoti?" akauliza Sikitu taratibu.

"Magoti."

Kisha msichana akauliza, kwa nia njema kabisa, "Na wewe aliyekufundisha, ulimkunjia magoti?"

Tumpe alifungua kinywa. Hakikuwa na maji ndani, hakuna mwangalizi aliyekuwepo, na bado hakikutoka kitu. Sikitu akadhani ni adabu za kwao, akaaga akaenda zake.

Baraza lilikaa asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti laini, aliyependa kila mtu asemwe vizuri kabla ya kuhukumiwa. Mezani viliwekwa vielelezo: daftari lililolowa, ndoo, na kikombe cha bati. Bi Kalunde aliulizwa kama alisema. Akasema, "Nilisema." Aliulizwa kama anajuta. Akasema anajutia daftari.

Mjumbe mmoja akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo. Ukumbi ukishika moto wakati wa likizo, mwalimu afanye nini?"

"Anaruhusiwa kusema moto," akajibu mwanasheria wa Baraza. "Moto ni taarifa. Asiseme kimbieni. Kimbieni ni mafunzo."

"Kwa hiyo mshtakiwa angesema magoti yamenyooka?"

"Angekuwa nyumbani kwake sasa hivi."

"Na msichana angekuwa wapi?" akauliza mjumbe.

Mwanasheria akapekua vitabu vyake. "Hilo halimo."

Mjumbe mwingine, mzee, akasema wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Akajibiwa kwamba wahenga hawakutaja likizo. Wakabishana kama goti ni sehemu ya mchezo au ni sehemu ya mtoto, maana kama ni sehemu ya mtoto basi mama yake angepaswa kushtakiwa kwa kumfundisha kutembea, hasa ikiwa alimfundisha mwezi wa Julai, ndani ya likizo. Mama yake Sikitu, aliyekuwa amekaa nyuma, aliinamisha kichwa. Tumpe alihisi kucheka na kulia vinamjia kwa wakati mmoja, akajibana.

Ndipo shahidi akaitwa.

"Binti yangu," akasema Mwenyekiti kwa upole, "usiogope. Swali ni moja tu. Je, ulipokea chochote kutoka kwa mwalimu huyu?"

Mama yake Sikitu alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Bi Kalunde alitazama sakafu, naye midomo yake ilikuwa ikisema hapana bila sauti, akimwombea mtoto amkane. Sikitu akaenda mezani. Akachota kikombe kimoja kwenye ndoo, akakimimina chote kinywani, mashavu yakavimba. Kisha akatembea mpaka mbele ya Bi Kalunde, akamtazama usoni, akakunja magoti.

Hakuyakunja kidogo kama wasichana wa Rungwe wanavyofanya wakipita haraka na ndoo kichwani. Alishuka hadi chini, taratibu, mgongo umenyooka, magoti yamefunguka juu ya vidole vya miguu, hayagusani. Alishuka jinsi alivyotakiwa kutua. Akabaki hapohapo chini, hatikisiki, maji kinywani. Hakuna tone lililoanguka. Bi Kalunde akaweka mkono kifuani. Tumpe, kwenye benchi la wageni, alikuwa analia waziwazi bila haya, kwa kuwa katika chumba kile kizima yeye peke yake ndiye aliyejua kwa hakika kilichosemwa.

Au ndivyo alivyodhani.

"Shahidi amejibu?" akauliza Mwenyekiti, akiwatazama wenzake. "Bwana Ibara, wewe ndiye mwandishi. Ameshukuru huyu?"

Bwana Ibara alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Alikuwa akiyatazama yale magoti. Aliyatazama muda mrefu, moja baada ya lingine, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema mwishowe. "Sheria inataja shukrani ya kinywa. Kinywa cha shahidi kimejaa maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakikutamkwa kitu. Neno lilianguka." Akaketi, akaandika, akakausha wino kwa uangalifu mkubwa. Kisha akampelekea Sikitu kikombe yeye mwenyewe, akapokea maji, akayatazama kwenye mwanga wa dirisha. "Yametimia," akasema.

Kesi ikafutwa. Kabla ya kufunga kikao, Baraza, ambalo halikupenda kuondoka mikono mitupu, lilipitisha kifungu kipya kinachokataza mtu yeyote kukunja magoti mbele ya mwalimu wakati wa likizo, isipokuwa kwa nia ya kukaa. Wajumbe walikubali kwa kauli moja, wakakaa.

Bi Kalunde aliitoa filimbi msumarini siku hiyohiyo. Chakula alichopika jioni kilitosha watu kumi, nao walikuwa wawili. Mara kwa mara Bi Kalunde aliacha kula, akacheka peke yake, akasema, "Mgongo umenyooka! Umeuona mgongo?" Tumpe akajibu kwamba ameuona.

Siku ya kuondoka aliyemsindikiza hadi mpakani alikuwa Bwana Ibara, maana wageni walimu huhesabiwa wakitoka kama wakiingia. Alimtoa kwenye orodha ya maji, akagonga muhuri, kisha hakuondoka.

"Kwenu," akauliza, "mnaruhusiwa kufundisha likizo?"

"Tunaruhusiwa."

"Na kushukuru?"

"Wakati wowote, Bwana Ibara. Hakuna anayekataza."

Mzee yule akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na kejeli hata chembe. "Siku yoyote," akasema. "Basi walimu wenu wazee lazima wamechoka kushukuriwa."

Hiyo ndiyo safari ya Tumpe Mwalwisi, na hapo ndipo mumewe alipomuuliza kuhusu chakula. Alimjibu kwamba alikula vizuri. Kesho yake ilikuwa Jumanne ya kawaida, si Krismasi wala sikukuu yoyote, mvua ya Rungwe imeanza tangu alfajiri na madaftari ya Kidato cha Pili yamerundikana mezani. Tumpe akavaa sketi yake ya kitenge, akachukua mwavuli, akavuka vilima viwili.

Mwalimu Atuganile alikuwa barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na miaka themanini na tatu, macho yamefifia, vidole bado vyepesi. Alisikia hatua, akageuza sikio.

"Nani?"

Tumpe aliweka mwavuli chini. Akakunja magoti, na kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na tisa, magoti yenyewe yalilia kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Tumpe. Nimekuja kusema asante."

"Asante ya nini?"

Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Sasa yalikuja yote pamoja bila mpangilio: asante kwa kunifundisha kutua, kwa viatu vya mwanao ulivyoniazima, kwa kunisubiri uwanjani wengine walipokwisha kwenda, kwa kuniambia nina akili siku ambayo nyumbani walisema sina. Asante kwa filimbi. Kila msichana niliyemfundisha umemfundisha wewe, na sijawahi kuja kukwambia.

Yule mama alisikiliza, uso umeinamia ungo. Punje chache zilidondoka sakafuni asizijali. Baadaye alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa Tumpe, paji hadi kidevu, akaukuta umelowa, akaufuta kwa upande wa kanga yake.

"Tumpe," akasema. "Yule wa kuchelewa."

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Miaka mingapi safari hii?"

"Thelathini na mmoja."

Mwalimu Atuganile akautua ungo. Akafungua kiganja, akangoja, mpaka Tumpe akaelewa, akaivua filimbi shingoni na kumwekea mkononi. Mama akaipapasa, akaitambua, akatabasamu kwa meno yake machache.

"Nyumba na migomba yake," akasema. "Mara mbili."

"Mwalimu, mvua—"

Filimbi ikalia, kali kama zamani, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo yule mama, na Tumpe Mwalwisi akavua viatu, akakusanya sketi yake ya kitenge, akaanza kukimbia.